Vidole vya Baba

Jericho, Nairobi
Naanza Jumatano, kumaliza sijui lini

Kwa mdogo wangu Jumbe,

Assalaam aleikum. Kwanza nakujulia hali wewe na Triza na watoto wenu, na kuku wenu pia kama bado mnafuga. Mimi dadako Jawahir nipo. Nakula, nalala, nagombana na watu sokoni, basi ujue ni mzima. Magoti yanalia nikipanda ngazi za kwa mwanangu Khawla kule Fedha, lakini hiyo si habari, nani wa umri wangu hana magoti.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki. Nimepiga mara sita tangu Ramadhani. Mara ya nne ulishika, ukasikia nikisema ni Jawahir, ukakata. Haya, barua ikate basi. Ukiichana nitaandika nyingine, karatasi ninazo, Khawla kaninunulia daftari zima la kurasa tisini na sita.

Na mwandiko wangu usiucheke. Najua unacheka. Tangu utoto ulikuwa ukinicheka, wewe uliyefika darasa la saba na mimi niliyetolewa la nne nikae nyumbani nikulee. Mstari unaanza mkubwa unaishia mdogo kama mkia wa panya, na si ubahili wa karatasi. Sababu utaisoma. Naandika asubuhi kidonge kikishashika. Kikishika napata saa mbili tatu nzuri, nyingi zinakwenda sokoni, za kalamu nabakiza nusu saa. Kidonge kikiachia nami naiachia kalamu. Kwa hiyo barua hii ni ya siku nyingi, ukiona nimeruka ujue nililala nikaamka na neno jingine.

Ninachotaka nakwambia mapema, kuzunguka si tabia yangu. Nataka uje. Uje hapa kwangu Jericho, halafu Alhamisi ya pili ya mwezi ujao twende wote hospitali. Kabla hujasema hutaki, soma mpaka mwisho. Ukisoma nusu ukaweka utakuwa umenidhulumu, na kati yangu na wewe dhuluma zimeshatosha.

Sasa habari. Mambo yalianza na masala.

Unajua viungo vyangu. Miaka thelathini na moja katika kibanda kilekile, na hakuna mtu Jericho anayesaga masala ya pilau akanishinda, wapo wanaojaribu na Mungu anawaona. Basi mwaka juzi akanijia mzee Nzivo, yule Mkamba mwenye hoteli nyuma ya soko, mteja wangu tangu ana nywele. Kashika pakiti yangu kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Akaniambia kwa adabu zake zote kwamba wiki tatu sasa wateja wanakula nyama wanaacha wali, pilau haina iliki, ni bizari nyembamba tupu. Nikamwambia pua yake imeziba kwa moshi wa makaa na aoge. Hakukasirika, laiti angekasirika. Akaniomba nifumbe macho. Akachukua mtungi mmoja akautia chini ya pua yangu, akauliza ni nini hiki. Nikavuta. Jumbe, nilivuta mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Nikasema karafuu, kwa ujeuri tu. Nikafumbua macho, kumbe ni majani ya chai.

Soko zima lilikuwa limesimama linatazama. Vijana wa mitumba wakacheka, mmoja akasema shosh amepoteza network. Nikawatukana wote kwa majina ya mama zao, nikafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo sijafanya hata siku ya msiba. Nikaenda nyumbani nikajaribu sabuni, mafuta ya taa, kitunguu, ubani. Vyote maji. Kumbe nilikuwa nasaga kwa macho na mazoea, sijui tangu lini.

Pua peke yake ningeinyamazia. Lakini kulikuwa na mkono pia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kutikisika miaka miwili nyuma ya hapo. Nilikuwa naufunika kwa mtandio, nikiulizwa nasema baridi. Mwezi wa Januari, Jumbe, watu wanatembea na miavuli ya jua, mimi nasema baridi. Hospitali sikwenda, na nilikuwa na sababu yangu ya kutokwenda, nitaifikia. Habari ya pua ilipomfikia Khawla, na sokoni habari haitembei inaruka, akaja akanitia buibui kama mtoto, akanipeleka.

Daktari mwenyewe msichana mdogo, utadhani rika la Nuha, mtoto wa Khawla. Akaniambia nigonganishe kidole na gumba haraka haraka, nifungue na kufumba kiganja, nitembee mpaka mlangoni nirudi. Alipoona mkono mmoja haupungi nikitembea akaandika. Akasema ugonjwa huu unaitwa Pakinsoni, naandika nilivyosikia. Akasema kuna mahali ndani ya ubongo panapotengeneza kitu cha kuuendesha mwili, sasa panatengeneza kidogo, na pua mara nyingi hutangulia kuondoka kabla ya mkono kuanza. Hakuna dawa ya kuumaliza. Viko vidonge vya kuutuliza. Nikamuuliza kama ameniona ni mtu wa kutulizwa. Akanipa vidonge.

Njiani Khawla akanyamaza sana, na Khawla si mtu wa kunyamaza, ni mwanangu. Tulipofika akasema kuna jambo ameliweka moyoni. Kwamba alikutana na Triza mtaa wa Baba Dogo, wakasimama wakaongea, na Triza akamwambia mjomba Jumbe ana ugonjwa huohuo kwa jina lake, madaktari walimwambia miaka minane iliyopita, anameza vidonge hivyohivyo, anatembea na fimbo. Khawla akamuuliza Triza mbona hawakutuambia. Triza akamjibu, tungemwambia nani.

Nikaingia chumbani. Khawla alidhani nimechoka.

*

Leo ni Ijumaa. Jana mkono ulikataa.

Nikuambie sasa habari ya utafiti, maana ndiyo iliyoniletea kalamu. Nilikuwa nimekwenda kliniki mara ya nne au ya tano, akanijia nesi mmoja Mbukusu, Sista Khalayi, mwanamke mnene wa sauti nzuri, akasema wanatafuta watu wenye ugonjwa huu waingie katika utafiti. Nikamwambia mimi si panya. Akacheka, akasema kila mtu wa Eastlands humjibu hivyo. Akaeleza kwamba hawampi mtu dawa yoyote mpya wala hawamkati. Ni kumtazama tu, kumuuliza, kumpima anavyotembea, na kuchukua damu kidogo waangalie vinasaba, yaani vile vitu vya urithi ulivyopewa na baba na mama vikakufanya uwe na pua hii na si ile. Wanataka kujua kwa nini ugonjwa umshike huyu umwache ndugu yake, na kwa nini nyumba nyingine unawashika watu wawili watatu.

Nikamuuliza hiyo damu wanaiuza wapi. Akasema haiuzwi. Nikamuuliza mimi napata nini. Akasema ukweli, na hapo ndipo nilipompenda, akasema huenda nisipate kitu. Huenda damu yangu isionyeshe lolote, na hata ikionyesha huenda faida ije kwa watu ambao hawajazaliwa. Akasema miaka mingi vitabu vya ugonjwa huu vimeandikwa kwa damu ya Wazungu, damu yetu haimo humo ila kidogo sana, na huwezi kumshonea mtu nguo kwa kipimo cha jirani. Basi hapo nikakaa sawa kwenye kiti. Ati hatumo! Watu wote hawa wa Jericho wanaotetemeka, hatumo! Nikamwambia alete hiyo karatasi.

Karatasi zilikuwa kurasa kumi na moja. Nikamwambia anisomee zote, na pale alipokimbia nikamrudisha. Kwamba jina langu linatolewa naandikwa namba. Kwamba siku yoyote nikichoka naondoka na hakuna wa kuniuliza wala dawa zangu hazikatwi. Alitaka nitie dole gumba, akidhani sijui kuandika. Nikaomba kalamu nikaandika Jawahir binti Musab, ilinichukua muda, yeye akasubiri.

Halafu maswali. Jumbe, jiandae, maana na wewe yatakukuta. Kama naota napigana usingizini. Kama napata choo vizuri, tena mbele ya Khawla! Nikamuuliza huyo nesi amelelewa na nani. Wakanipa karatasi nichore duara la kuzunguka kama konokono, konokono wangu akatoka kama ameungua. Wakanipa karatasi zenye harufu nikwaruze ninuse, arobaini. Nilipata saba. Mimi! Nikawaambia wasiandike jina langu karibu na hiyo saba, wakanikumbusha jina langu halipo.

Usidhani nilichukia. Nilifurahi. Tangu Mama afe hakuna aliyekaa saa tatu nzima ananiuliza habari zangu na kuandika ninachojibu. Nilirudi nyumbani nikampigia Khawla nikamwambia wanawe wajue nyanya yao yumo vitabuni.

Lakini kulikuwa na swali moja nililojibu uongo.

Sista Khalayi aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo wetu aliye na ugonjwa huu au anayetetemeka. Nikasema hakuna. Nilisema haraka kama mtu anayefukuza nzi. Khawla akanitazama, nami nikamkazia jicho, akainamisha kichwa. Sista akachora ukoo wetu kwenye karatasi, wanaume visanduku, wanawake viduara, mwenye ugonjwa anatiwa wino. Kiduara changu kikawa cheusi peke yake katikati ya nyumba nzima ya weupe. Wewe ulikuwa kisanduku kitupu pembeni mwangu. Nikajiambia nimeokoka.

*

Jumatatu. Mvua, sokoni hakuna watu, nusu saa imekuwa saa nzima.

Baada ya miezi sita waliniita tena, wanarudia vipimo. Safari hii Sista Khalayi akasema tuzungumze habari za wazazi walivyokuwa uzeeni. Nikamsimulia Baba kwa maringo, unajua ninavyomsimulia. Nikamwambia Baba yangu alikuwa muadhini, tena mcha Mungu ambaye vidole vyake havikuacha kumtaja Mola. Amekaa kibarazani kimya, hana tasbihi mkononi, na kile kidole na gumba vinasuguana vinavuta punje moja baada ya nyingine. Akiinua kikombe vinatulia, akikiweka vinaanza. Watu walikuwa wanakuja kumtazama, unakumbuka? Bi Muhiba alimleta mwanawe mgonjwa ashikwe kichwa na mkono ule. Nikaendelea. Nikasema uzeeni sauti yake ilishuka hata adhana ikachukuliwa na kijana, na sisi tukasema huo ni unyenyekevu. Hatua zake zikawa fupi fupi, tukasema anaongeza thawabu, maana kila hatua ya kwenda msikitini inaandikwa. Uso wake ukaacha kucheka, tukasema dunia ameshaipa talaka.

Sista akaweka kalamu chini. Akaniomba, taratibu, nimwonyeshe vile vidole vya Baba vilivyokuwa vikienda.

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia nimwigizie. Jumbe, sikuigiza. Niliuweka tu juu ya paja, na vidole vikaanza vyenyewe, gumba na kidole, punje baada ya punje. Alikuwa Baba. Alikuwa Baba kabisa, amekaa juu ya paja langu. Khawla akaanza kulia, yeye babu yake alimwona.

Sista alisema marehemu hapimwi, wala yeye si wa kusema Baba aliumwa nini, atayaandika tu niliyoyasema. Akasema pia hata mkiwa wawili au watatu huenda vinasaba visionyeshe kitu, bado wanatafuta. Mimi nilikuwa simsikii vizuri. Nilikuwa nimeona mkono mwingine. Nilikuona wewe mwaka ule kwenye meza yako ya ufundi wa saa, lenzi jichoni, na mkono umelala pembeni ya koleo unavuta tasbihi isiyokuwapo.

Mkono wa Baba tuliubusu. Wako tuliuita mkono wa mwizi.

Nikamwomba Khawla atoke nje. Nikamuuliza Sista kwa sauti ndogo kama ugonjwa huu unaweza kuletwa na kisomo cha kuapiza, na laana. Hakunicheka. Akasema huulizwa hilo kila wiki na watu wa kila kabila, kila mmoja na jina lake, kwao Bungoma pia lipo. Akasema katika damu zote walizopima hawajakuta laana hata moja. Nikalia, mimi, mbele ya mtu wa serikali. Halafu nikamwambia arudishe ule mchoro. Nikamwambia nina ndugu anaitwa Jumbe na nilisema uongo.

Hakuandika jina lako, usikasirike. Alikitia wino kisanduku tu, kwa maneno yangu, akaandika pembeni kwamba haijathibitishwa. Akasema zaidi ya hapo hawagusi bila ridhaa yako mwenyewe, uje kwa miguu yako, usomewe kurasa zako kumi na moja, ukikataa ukatae. Akasema ndugu wawili wa tumbo moja wenye ugonjwa mmoja wanawasaidia kuliko watu kumi wasiojuana. Ndiyo maana nilianza kukupigia.

*

Leo Jumatano tena. Wiki nzima. Jana nilikaa na kalamu kidonge kikashika kikaachia sijaandika kitu. Leo nimemeza, nimesoma Fatiha, nimefunga mlango.

Unakumbuka Mama alipovunjika nyonga. Mimi nilikuwa na kibanda, nikawa nakuja jioni nakagua, nasema shuka halikunyooka. Aliyemwogesha alikuwa Triza. Miezi minane, mtoto wa Kikristo kutoka Kakamega, anamwinua mkwewe anampeleka chooni, anampaka mafuta. Siku moja nikiwa mlangoni nikamsikia Mama anamwambia kwamba ule mkufu wa dhahabu wenye kidani cha jani, uliotoka kwa nyanya, ni wake Triza siku atakapofumba macho. Hakusema Jawahir. Mimi binti yake wa pekee, niliyetolewa shule kwa ajili ya nyumba ile, hakusema Jawahir.

Mkufu ulipopotea kwenye kasha ni mimi niliuchukua.

Nimeliandika. Nimelitazama. Halijaniua.

Sikutaka kuuza, Jumbe. Nilitaka tu usiingie shingo ile. Nilijiambia nauweka mpaka Mama abadili moyo. Niliushona ndani ya mto wa sufi. Nilipojua Mama amewaita watu wa kusoma Halbadiri ili mwizi aumbuke, tangazo lilikuwa limeshapita kwamba aliyechukua arudishe ndani ya siku tatu na hatalaumiwa. Siku tatu, nilikuwa nazo. Siku ya kwanza nikaona haya, ya pili nikaona watu wengi uani, ya tatu nikasema Mungu anajua mimi si mwizi, ni mtoto wake. Na usiku wa kisomo nani aliyepika kahawa? Nani aliyefukiza ubani? Waliposema apatwe na baya aliyechukua, niliitikia amina. Kwa sauti, ili nisikike.

Nikangoja linipate. Halikunipata. Baada ya miezi mitano mkono wako ukaanza, na kabla sijapumua nyumba nzima ilikuwa imekugeukia. Mama akakwambia uape, ukaapa, na glasi ya maji ikakuponyoka mkononi ikavunjika, wakasema mmeona. Wateja wakachukua saa zao. Nani atampa saa mtu mwenye mkono wa laana? Ulinitazama siku ile. Unajua ulinitazama mimi peke yangu, ukingoja dada yako mkubwa aseme neno. Nikaokota vipande vya glasi.

Miaka kumi na miwili. Ulikuja kumzika Mama ukasimama mwisho wa safu, mkono mfukoni mwa kanzu. Kabla hajafa alisema amekusamehe. Nilikuwa nimemshika mkono. Kusamehewa jambo usilolifanya, na aliyelifanya anamfuta marehemu jasho.

Basi mkono wangu ulipoanza nilijua mara moja. Nikasema Halbadiri imechelewa lakini imefika nyumba yake. Hiyo ndiyo sababu sikwenda hospitali, ningemwambia daktari nini? Na hiyo ndiyo sababu nilimdanganya Sista Khalayi. Nikisema wewe unaumwa, basi hukuiba. Na kama hukuiba wewe, swali linalofuata ni nani.

Mimi kisomo sikitukani, watu wa Badri wanaotajwa humo ni watu wakubwa. Nasema tulimpelekea Mungu kesi, halafu hatukungoja hukumu, tukajihukumia wenyewe kwa ugonjwa wa Baba yetu.

Khawla nimeshamwambia. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu alikuja na hili daftari akaliweka mezani, akasema andika. Katika waliokaa kwenye kisomo kile wamebaki watatu, Bi Muhiba ni mmoja, masikio yake bado mazuri na ulimi zaidi. Nimewaita kwangu Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya alasiri. Kahawa nitapika mimi, kama siku ile, nao wataisikia kwa kinywa changu. Uwepo usiwepo nitasema, na Bi Muhiba akishajua, mpaka Jumatatu mchana watajua mpaka waliohama. Lakini napenda uwepo. Ukae kile kiti cha Baba kibarazani, mkono nje, usiutie mfukoni. Wauone.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ni mzigo mzito kukuomba na wewe unatembea na fimbo. Nakuomba uje tu, unitukane uso kwa uso kama ndugu. Mimi nitanyamaza, mara moja tu, tumia nafasi hiyo. Na Alhamisi twende kwa Sista Khalayi tukachore konokono, tuone wa nani ataungua zaidi. Nataka ule mchoro wao uwe na vyeusi viwili kwa haki, kwa ridhaa yako, si kwa maneno ya dada mwongo.

Mimi sasa nalala vizuri. Nashangaa. Masala nasaga kwa kipimo cha kijiko, nayaandika, na Nzivo anakuja kila Jumamosi kunusa kwa niaba yangu, kwa vikombe viwili vya chai, mnyonyaji yule. Amesema pilau imerudi.

Nisalimie watoto. Mwambie mkubwa nimesikia amefuga nywele kama kichaka, anyoe. Nisalimie Triza, na salamu yake si ya mdomo tu. Khawla anayekuletea barua hii amebeba na leso yangu ya kijani iliyofungwa fundo. Nilifumua mto mwenyewe, sufi ikajaa nyumba nzima. Usiifungue wewe, Jumbe, si yako. Mpe Triza aifungue, kisha Khawla amfunge shingoni. Sisi wawili tusijaribu. Mimi nilijaribu jana kuona kama kibanio bado kinashika. Ni kidogo kama punje ya uwatu, na vidole vya Baba havikiwezi.

Wabillahi tawfiq. Nakungoja, na mlango wa uani hauna komeo.

Ni mimi dadako,
Jawahir binti Musab